Jinsi ya kukaa na machalii mkabuni gemu mpya ya mashine ya kaseti: mwongozo kamili toka Chuga (Arusha)

Kama ulikulia Arusha au Moshi miaka ya tisini kuja elfu mbili basi ile mashine ya gemu ya kaseti unaijua, ya pedi mbili zenye waya, unachomeka kwenye TV ya chogo af unatafuta chaneli mpaka picha ikubali, kaseti ikigoma unaitoa unaipuliza unairudisha. Sisi tuliita TV gemu basi. Ila ndani yake ile ni nakala ya Famicom ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983, na Marekani ikaingia 1985 kwa jina la NES. Na haijafa. Mpaka leo kuna watu wanaitengenezea gemu mpya kabisa kwa mapenzi tu, mwaka 2019 jamaa wa Ujerumani wanaoitwa Morphcat Games walitoa Micro Mages, watu wanne wanacheza pamoja na gemu nzima ina kilobaiti 40, yaani picha moja tu unayotumiwa WhatsApp mara nyingi inaizidi ukubwa.

Mi na wenzangu watatu tunakutana Jumapili mchana Kijenge kwenye chumba cha fundi redio mmoja rafiki yetu, tunabuni gemu za hii mashine. Naandika hapa namna tunavyofanya hatua kwa hatua, kwa sababu kuprogramu kuna mafunzo mengi sana mtandaoni lakini kuhusu wazo lenyewe linatoka wapi na unalipimaje, hapo watu wengi wanakwama na hamna anayewaambia.

Vikao vyetu vya mwanzo vyote viliharibika kwa njia moja, mtu anakuja na hadithi. Kuna kijana wa Kimasai, ng'ombe wa baba yake wameibiwa, anasafiri kuwatafuta, njiani kuna milki saba na kila milki ina bosi wake. Tunakaa masaa matatu tunapanga majina ya milki, af mmoja anauliza sasa mchezaji akishika pedi anabonyeza nini, kimya. Tangu tulipoacha kuanza na hadithi tukaanza na kitendo cha mkono, na namba za mashine zikiwa mbele ya macho yetu, mambo yakabadilika kabisa. Mwongozo wote huu umejengwa juu ya hapo.

Hatua ya kwanza: bandika namba za mashine ukutani

Chukua karatasi ya manila na maka peni, andika hizi namba kubwa zionekane toka mlangoni.

Skrini ni pikseli, yaani vidoti vya picha, 256 kwa upana na 240 kwa urefu. Mandhari ya nyuma inapangwa kwa taili, vipande vidogo vya mchoro vya pikseli 8 kwa 8, kwa hiyo ni taili 32 kwenda kulia na 30 kushuka chini, jumla 960. Ila taili tofauti unazoruhusiwa kuchora kwa wakati mmoja ni 256 tu kwa ajili ya mandhari na 256 nyingine kwa vitu vinavyotembea, maana yake lazima urudierudie. Kwenye Super Mario Bros ya 1985 mawingu na vichaka ni mchoro uleule mmoja, wamebadili rangi tu, na sisi tulicheza miaka bila kugundua. Ukiona kitu kama hicho ujue ndo akili inayotakiwa.

Vitu vinavyotembea vinaitwa spraiti, ziko 64, na hapa ndo pa kuweka mstari mwekundu: kwenye mstari mmoja wa mlalo wa TV zinaonekana spraiti 8 tu, ya tisa haichorwi. Gemu nyingi zinazibadilishia zamu ndo maana unaona maadui wakijaa wanaanza kupepesa.

Rangi ni 25 kwa mpigo ukibana vizuri. Mandhari ina seti nne za rangi tatu tatu pamoja na rangi moja ya chini inayotumika na zote, spraiti nazo seti nne za rangi tatu tatu. Na kila kipande cha mandhari cha pikseli 16 kwa 16 kinatumia seti moja tu, hakichanganyi. Memori ya kazi ni kilobaiti 2. Kaseti rahisi kabisa isiyo na chipu ya ziada inabeba kilobaiti 32 za programu na 8 za picha, hizo ndo 40 nilizosema pale juu. Prosesa ni ya megahezi 1.79. Vitufe nane: mishale minne, A, B, Select na Start. Sauti tano, nitazirudia huko chini.

Usione kama ni masharti ya kukunyima raha. Mtu ukimwambia buni gemu yoyote duniani anaduwaa, ila ukimwambia una spraiti nane kwenye mstari, hapohapo anaanza kufikiri.

Hatua ya pili: chezeni kwanza, nusu saa

Kabla hamjaongea chochote washeni mashine mcheze. Kama huna mashine tumia emuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga mashine, FCEUX au Mesen zinatosha na ni za bure. Sisi tunapenda kuanza na ile gemu ya vifaru, Battle City ya Namco ya 1985, kwa sababu ina sehemu ya kujengea ramani yako mwenyewe, unapanga matofali, chuma, maji na majani kwenye uwanja wa vipande 13 kwa 13. Machalii wengi wa mtaani walibuni ramani mle miaka hiyo bila kujua kwamba wanachofanya ni usanifu wa gemu. Mpe kila mtu dakika tano ajenge ramani yake mwenzake aicheze, af muulizane imekuwa ngumu wapi na kwanini. Midomo inafunguka vizuri sana baada ya hapo.

Na zile kaseti zilizoandikwa gemu 9999999 ukiingia ndani unakuta gemu zilezile zinajirudia, moja inaanzia levo ya tano, nyingine inaanza ukiwa na silaha tayari. Tulikuwa tunaona tumeibiwa, ila nikwambie kitu, hilo ni zoezi zuri sana la kubuni: chukua gemu unayoijua, badili kitu kimoja tu, angalia kama imekuwa gemu nyingine.

Hatua ya tatu: toeni vitenzi, hadithi ibaki nje

Kila mtu anapewa karatasi na dakika kumi, anaandika vitenzi kumi. Vitenzi tu. Na viwe vimetoka kwenye maisha anayoyaona, sio kwenye gemu alizocheza, kwa sababu ukimwachia mtu aandike anavyotaka ataandika kuruka, kupiga, kuruka, kupiga.

Kwetu siku moja vilitoka hivi: kukwepa, kuchota, kupanga (mafungu ya nyanya pale soko la Kilombero), kubeba, kuzuga, kugonga bodi (konda wa kifodi, gari la abiria), kufungulia maji, kulenga, kujificha, kubadilishana. Angalia hicho cha kufungulia maji. Aliyeandika kwao ni Uru, juu ya Moshi, anasema babu yake alikuwa na zamu ya mfongo, ule mfereji wa maji ya kumwagilia kihamba, shamba la nyumbani, na ugomvi wote wa kijiji ulikuwa mtu kufungua maji wakati sio zamu yake. Hapo hapo kuna gemu ya wachezaji wawili, kila mmoja na migomba yake, maji ni mamoja, unafungua unafunga, na mwenzio akigeuka unaiba kidogo. Hatukuhitaji shujaa wala bosi. Kitenzi kimoja kutoka kwa babu wa mtu kimebeba kila kitu.

Kanuni ya hapa moja: mdogo aanze kusema. Hili ni la muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kaka mkubwa akishasema wazo lake, madogo wanaitikia kwa heshima, hawataki kumpinga, na mawazo yao yanafia kooni. Sisi mdogo wetu ana miaka 15, yeye ndo anasoma karatasi yake kwanza, af tunapanda kwa umri, fundi wetu mwenye miaka hamsini anamaliza.

Hatua ya nne: nendeni kwenye michezo ya chini

Michezo tuliyocheza vumbini imeshajaribiwa na watoto maelfu kwa miaka mingi, sheria zake zimeshanyooka, na karibu yote inaingia kwenye skrini moja kwa sababu uwanja wake ulikuwa uani kwa mtu. Kombolela, rede, mdako, gololi, kuendesha tairi, bao. Kaeni mkumbushane sheria, mtabishana kwa sababu kila mtaa ulikuwa na zake, na mkibishana andikeni pande zote mbili maana pale mnapobishana ndo kuna maamuzi ya usanifu.

Ngoja nichukue rede niifungue yote maana ndo tuliyofika nayo mbali.

Rede unaijua: wawili wanasimama pembeni wanarushiana mpira wa soksi, wa katikati anakwepa asipigwe, na huku kuna chupa anatakiwa aijaze mchanga. Mpira ukiwa mbali anainama anachota, mpira ukija anaruka. Ile raha yote ya rede iko kwenye sekunde moja ya kuinama. Ukiinama umejaza, ila ukiinama hukwepi. Huo ni uamuzi mchezaji anaufanya mara mia kwa dakika chache na kila mara roho inamdunda, na gemu ikiwa na uamuzi wa aina hiyo tayari umepata.

Tukaweka vitufe. Mchezaji wa kwanza yuko katikati, mishale anatembea, A anaruka, B akikandamiza anachota na hapo miguu imefungwa hatembei. Mchezaji wa pili anaongoza warushaji wote wawili, mwenye mpira ndo anayesikiliza pedi, mishale analenga, A anarusha, B anazuga, yaani mkono unatoka mpira unabaki. Ukiacha Select na Start, vitufe vyote vina kazi na hamna kilichobaki kinatafuta kazi.

Hatua ya tano: pigeni hesabu kabla hamjapenda sana

Hapa mnarudi kwenye ile manila ya ukutani.

Mtoto wa kwenye gemu yetu ni pikseli 16 kwa 16, hiyo ni spraiti nne, mbili juu mbili chini. Kwa hiyo kwenye mstari mmoja anakula mbili. Warushaji wako kushoto na kulia, wa kati yuko kati, wote usawa mmoja: mbili, mbili, mbili, sita. Mpira moja, saba. Kivuli cha mpira chini ili ujue uko juu kiasi gani, nane. Tumefika ukutani kabisa. Tukafurahi imeingia, af dogo akasema rede ya ukweli katikati wanakuwa wengi, na alikuwa sahihi, rede ya mtu mmoja ni upweke. Ukiongeza mmoja zinakuwa kumi, watu wanaanza kupepesa.

Tulikaa na hilo wiki nzima. Jibu likawa kugeuza uwanja: warushaji wakasimama juu na chini ya skrini badala ya kushoto na kulia. Sasa mrushaji hayuko mstari mmoja na wa katikati, kwa hiyo pale kati unaweza kuweka watoto watatu, sita, na mpira na kivuli, nane. Na uwanja ukapendeza zaidi kwa sababu wale watatu wakaanza kujificha nyuma ya mwenzao, kitu ambacho kwenye rede ya mtaani kila mtu amekifanya. Hatukupanga kije, hesabu ndo ilituletea.

Chupa nayo. Wa kwanza kuichora aliichora kama spraiti, tukasema hapana, chupa haitembei, iwe mandhari haili spraiti yoyote. Upana taili mbili, urefu taili nne, na mchanga unapanda pikseli moja moja, kwa hiyo unahitaji michoro nane ya kujaa kwa upande wa kushoto na nane ya kulia, 16 kati ya 256, sio mbaya. Kubadili mandhari kunafanyika kwenye kile kipindi kifupi TV ikimaliza kuchora picha moja kabla haijaanza nyingine, humo unaweza kubadili taili chache tu, makumi na sio skrini nzima, na chupa yetu inabadili mbili kwa wakati. Imeingia.

Hesabu nyingine ya kujifunza, hii ni ya wazo tulilolipenda likatutisha. Gemu ya mpagazi anapanda Kilimanjaro na mzigo, kitenzi ni kubeba, ukienda haraka pumzi inakata. Tukasema pikseli moja iwe mita moja, mita 5,895 gawanya kwa 240 ni kama skrini 25 za kupanda juu. Skrini moja ukiihifadhi kavukavu ni taili 960 na taarifa za rangi baiti 64, jumla baiti 1,024. Mara 25 ni 25,600. Kaseti yako yote ya programu ni baiti 32,768, umebakiwa na elfu saba za kuandikia gemu, sauti na kila kitu. Wengi hapa wanatupa wazo. Usitupe bado. Panga mlima kwa vipande vya 16 kwa 16 badala ya taili moja moja, skrini inakuwa vipande 16 kwa 15, baiti 240, mlima wote baiti 6,000 pamoja na kajedwali kadogo ka kueleza kila kipande kina taili gani. Mlima umeingia kwenye kaseti. Tatizo lililobaki kwa mpagazi wetu halikuwa mashine, ni kwamba skrini 25 mtu anazichora saa ngapi, na sisi tuna Jumapili moja kwa wiki, kwa hiyo tumeuweka kwenye daftari.

Na bao, kwa wazee wetu wanaocheza chini ya mti, ni wazo linaloingia kirahisi kuliko yote: mashimo 32, kete 64, shimo moja baiti moja, memori baiti 32 basi. Spraiti ni mkono tu. Kazi nzito iko kwenye kuifundisha mashine icheze vizuri, hapo jiandae.

Hatua ya sita: chezeni kwenye manila kwa vifuniko vya soda

Usiwashe kompyuta bado, nakusihi. Chora uwanja kwenye manila vipande 16 kwa 15, kila kipande kama sentimita tatu, hiyo ndo skrini yenu. Kifuniko cha soda ni mtu mmoja. Punje ya mahindi ni mpira. Mmoja anakuwa mashine, anahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, na kila hesabu kila mchezaji anasogeza kipande kimoja au anafanya kitendo kimoja. Inaonekana kama utoto lakini utakachokiona pale huwezi kukiona kwenye kichwa chako.

Sisi kwenye rede tuligundua kitu kikubwa hapo. Aliyekuwa mrushaji alikaa tu na mpira. Hakurusha. Wa katikati hathubutu kuinama, mrushaji hathubutu kurusha, tumetulia kama picha. Mtaani hili halitokei kwa sababu wenzio wanakupigia kelele rusha bwana, ila mashine haina kelele hizo. Tukaweka sheria, sekunde tatu usiporusha mpira unaenda wenyewe kwa mwenzio, polepole, na wa katikati anapata nafasi ya kuchota. Gemu ikafufuka. Tena sekunde tatu kwa picha 60 kila sekunde ni 180, inakaa kwenye baiti moja ambayo mwisho wake ni 255, kwa hiyo hata memori haikulalamika.

Chezeni raundi kumi angalau. Sheria ikibadilika iandike na tarehe, maana baada ya mwezi mtasahau kwanini mliibadili mtairudisha ileile mbovu. Faida nyingine ya karatasi, umeme ukikatika kikao kinaendelea.

Hatua ya saba: kuchagua

Baada ya vikao viwili vitatu mtakuwa na mawazo kumi na hamuwezi kutengeneza kumi. Sisi kila wazo tunaliuliza maswali haya kwa sauti. Sekunde 30 za kwanza mchezaji anafanya nini na vidole? Inaisha kwenye skrini moja au inadai dunia nzima? Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuicheza? Na la mwisho, nani hapa ndani anaitaka mpaka hawezi kulala? Wazo lenye majibu mazuri matatu ya kwanza lakini hamna anayelitaka, liache, halitafika.

Linalokataliwa haliitwi baya, linaingia daftarini na jina la aliyelitoa. Watu wanavunjika moyo haraka kwenye hizi kazi za bure, na mtu akichekwa wazo lake leo Jumapili ijayo humuoni.

Jambo jingine, msitumie wahusika wa watu. Mario ni mali ya Nintendo na wako wakali sana kwenye hilo. Halafu kwanini umchukue fundi bomba wa watu wakati una konda, una mama muuza ndizi, una mpagazi?

Hatua ya nane: mraba unaotembea

Sasa washa kompyuta. Lengo la wiki mbili za kwanza ni miraba tu. Wa katikati mraba mweupe, warushaji miraba myekundu, mpira kadoti. Msichore sura wala nywele. Kama rede ya miraba haikufanyi useme tena mara moja, basi hata ukiweka vitenge na mijakaranda iliyochanua nyuma haitakusaidia.

Kwa anayeanza, 8bitworkshop inafungukia kwenye brauza, unaandika upande mmoja gemu inatembea upande wa pili, hudaunilodi kitu, hata kompyuta ya kazini inakubali. Ukiwa na kompyuta yako chukua cc65, unaandika kwa lugha ya C na pale panapotaka kasi unaingiza asembli, lugha ya mashine yenyewe. Mtu wetu mmoja tu ndo anaandika programu na inatosha, wengine wanachora, wanatunga sauti, wanajaribu.

Zingatia kasi. TV zetu za zamani ni mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, Japani na Marekani walitumia NTSC ya picha 60. Gemu iliyopimwa kwa 60 ukiileta kwenye mashine ya 50 inakuwa pole kwa moja ya sita, na mpira wa rede ukipoa kwa kiasi hicho hamna anayepigwa. Emuleta zina sehemu ya kubadilisha, jaribuni pande zote mbili mapema, msisubiri mwisho.

Hatua ya tisa: sauti, kwa ufupi

Mashine ina sauti mbili za mawimbi ya mraba, hizo zinaimba, moja ya pembetatu kwa besi, moja ya mchakacho kwa ngoma, na ya tano inapiga sauti fupi iliyorekodiwa. FamiStudio ni ya bure na inaeleweka. Mkiwa bado mnabuni, kila kitenzi kipeni sauti yake kwa mdomo pale mezani. Kuchota mchanga kwetu ni mchakacho mfupi chwa, chwa, chwa, na kila mchanga ukipanda kwenye chupa sauti inapanda kidogo, kwa hiyo hata mrushaji anasikia kwamba jamaa anakaribia kujaza, anaanza kuharakisha mikono. Sauti hiyo imekuwa sehemu ya sheria.

Hatua ya kumi: wapeni watoto, na itazameni kwenye TV ya chogo

Mtengenezaji akae nyuma asiongee. Hilo tu. Mpe mtoto pedi na usimwambie kitufe gani kinafanya nini, angalia vidole vyake sio uso. Watoto wawili wa jirani wote walibonyeza B mara moja moja harakaharaka badala ya kuikandamiza, kwa sababu kuchota kwa mkono ni mara moja moja. Walikuwa sahihi kuliko sisi. Tukabadili, kila mbonyezo ni teko moja, na gemu ikawa bora kwa sababu sasa unaweza kuiba teko moja katikati ya mirusho miwili.

Kuipeleka kwenye mashine ya ukweli kuna njia mbili. Ya kununua kaseti ya kadi ya memori kama EverDrive, unaweka faili lako unacheza, ni ghali ila mkichangishana inawezekana. Au fundi afungue kaseti ya zamani abadilishe chipu, ya programu 27C256 na ya picha 27C64, ila kaseti nyingi za bei rahisi ndani hazina chipu ya kuchomoa, kuna tone jeusi la gundi tu, hizo haziwezekani, kwa hiyo fungua uone kabla hujanunua chipu. Angalia na pini pia, mashine zetu nyingi ni za pini 60 kama Famicom, kaseti za NES ya Marekani zina 72.

Ukishaipata kwenye TV ya chogo kaa mbali kama ulivyokuwa unakaa ukiwa mdogo, mita mbili, mkekani. TV zile zinameza kingo za picha juu na chini. Kwetu alama za wachezaji zilikatwa nusu na mrushaji wa juu alikuwa hana kichwa, wakati kwenye emuleta kila kitu kilionekana safi. Tulisogeza kila kitu ndani taili mbili, uwanja ukapungua kidogo, mpira ukawa unafika haraka zaidi, na sasa tunarudi kwenye manila na vifuniko kupima upya zile sekunde tatu.